Filamu ya ukumbini hukaa kichwani, ya nyumbani huyeyuka: tunalipia nini hasa?

#1 Kiti cha Pembeni
Wadau, salaam. Juma lililopita nilikaa kuorodhesha filamu zote nilizotazama ndani ya miezi 12. Kwa zile za nyumbani sikuhitaji kuumiza kichwa, kwa sababu programu ninayoitumia hutunza historia, nayo ikanitolea majina 61. Nilipoyapitia, kama 20 hivi sikuweza kusema hata zilihusu nini, na mbili nilikuwa nimezirudia bila kujijua. Za ukumbini zilikuwa 4 tu, na hizo zote naweza kuzisimulia tangu jina la kwanza linapotokea hadi taa zinapowashwa, nikaongeza na nilikaa wapi na ni kichwa cha nani kilichonizibia kona ya chini kushoto.

Sasa hizo 4, ukijumlisha nauli, tiketi, bisi na kinywaji, zimenila fedha nyingi kuliko ada ya mwaka mzima ya zile 61. Swali langu si lile la kila siku la kama sinema inakufa au haifi. Ninauliza: tunapolipa mlangoni tunanunua nini ambacho nyumbani hakipo, na kwa nini kitu hicho huigandisha filamu kichwani? Naomba tusijibu "ukubwa wa skrini" tukaondoka.

#2 Mpimaji
Mleta mada, ahsante kwa hesabu, ila umeipanga vibaya. Filamu 4 ulizozifuata ukumbini hukuziokota njiani. Ulizisubiri, ukasoma habari zake, ukavaa viatu ukatoka. Zile 61 nyingi zilikujia zenyewe, moja ilipokwisha nyingine ikaanza. Unalinganisha wageni uliowaalika na wapita njia, halafu unashangaa kwamba majina ya wageni unayakumbuka. Ukitaka jibu la maana, nenda ukumbini ukatazame filamu usiyoijali hata kidogo, kisha urudi baada ya wiki mbili utuambie umebaki na nini. Kabla ya hapo, unaupa ukumbi sifa ambazo ni za hamu yako mwenyewe.

#3 Fundi wa Kibandani
Nimefanya kazi kwenye kibanda cha projekta kwa miaka 19, kwanza kwa utepe wa milimita 35, baadaye kwa mitambo ya kidijiti, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono.

Nyumbani unaitazama taa. Televisheni inakumulika usoni, na pembeni yake unaona kabati, mlango na viatu vya watoto. Ukumbini unatazama kitambaa kinachorudisha mwanga uliotoka nyuma ya kisogo chako, na kiwango cha mng'ao kilichowekwa kwa picha ya kidijiti ni kandela (kipimo cha mwanga) 48 tu kwa mita ya mraba, ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na televisheni ya kisasa. Picha ile inaonekana kali kwa sababu tu ukumbi ni mweusi na jicho lako limekwisha kulizoea giza. Ndiyo maana mtu mmoja akifungua simu safu ya tatu, safu kumi za nyuma yake zinaumia: katika giza lile, simu yake inang'aa kuliko filamu.

La pili ni sauti. Wengi hawajui kwamba kitambaa cha skrini kimetobolewa matundu madogo maelfu kwa maelfu, na spika kubwa zimesimama nyuma yake. Mwigizaji anapozungumza, sauti inatoka mdomoni mwake na si kwenye kisanduku kilicho chini ya picha. Mtazamaji halitambui jambo hilo, ila mwili wake unalitambua. Usione vyaelea, vimeundwa.

La tatu, na hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu vijana hawakulikuta. Filamu ya saa mbili ya utepe ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 3, nasi tuliipokea ikiwa vipande vya takriban dakika 20 kila kimoja. Zilikuwapo projekta mbili. Kipande kikikaribia mwisho, kwenye kona ya juu kulia ya picha kilitokea kidoa cha mviringo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nami nikawasha mota ya projekta ya pili. Sekunde kama saba baadaye kikatokea kidoa kingine, nikahamisha picha na sauti kwa mpigo mmoja. Ukisinzia, watu 300 wanaliona kosa lako. Mtazamaji hakukiona kidoa, lakini alikuwa akitazama kitu ambacho kuna mtu anakiendesha wakati uleule.

#4 Mama wa Watatu
Fundi, maelezo yako ni matamu, ingawa umeandika kana kwamba unalipwa kwa urefu wa utepe.

Mimi jibu langu halina kandela. Nyumbani filamu ya saa mbili huwa ninaitazama kwa saa tatu na nusu. Nasimamisha kuangalia jiko, nasimamisha kwa sababu mdogo ameota ndoto mbaya, nasimamisha kwa sababu mume wangu anauliza nilipoweka chaja. Ukumbini hakuna kitufe cha kusimamisha. Hilo ndilo ninalolinunua: saa mbili ambazo hakuna binadamu mwenye haki ya kuniita. Na gharama yangu usiihesabu kwa tiketi peke yake. Kuna fedha ya msichana wa kukaa na watoto, ambayo huzidi tiketi mbili, na kuna kupanga siku tatu kabla.

Kwa faida ya Mpimaji: filamu ninayoikumbuka kuliko zote nilizowahi kuziona ukumbini ilikuwa mbaya kupita kiasi. Sikuitaka, niliingia kwa sababu tuliyoifuata ilikuwa imejaa. Iweke kwenye vipimo vyako.

#5 Mpimaji
Nimeiweka. Unaikumbuka kwa sababu ulikasirika, na hasira ni hamu iliyogeuzwa nje ndani.

#6 Hesabu Kwanza
Mleta mada amegusia bisi na kupita. Naomba turudi hapo, kwa sababu lawama nyingi hupelekwa mahali pasipo pake.

Fedha ya tiketi haibaki yote kwa mwenye ukumbi. Msambazaji wa filamu huchukua sehemu kubwa, mara nyingi nusu au zaidi kwa filamu kubwa katika wiki zake za mwanzo. Bisi hazina msambazaji. Punje ni za bei ya chini, zinavimba, na kinachoingia karibu chote ni cha ukumbi. Kwa hiyo tunaposema kwamba jumba la sinema linauza filamu na kuongezea bisi, tumeigeuza biashara kichwa chini miguu juu.

Wapo watafiti wawili, Ricard Gil na Wesley Hartmann, ambao mwaka 2009 walichapisha uchunguzi wa mauzo ya kumbi za Hispania. Hoja yao, kwa ufupi, ni kwamba bei kubwa ya bisi huwatoza zaidi wale wanaoithamini zaidi safari nzima ya sinema, na hivyo kuruhusu tiketi ibaki chini kuliko ambavyo ingekuwa. Mtu anayeingia mikono mitupu anabebwa na jirani yake mwenye ndoo ya bisi. Tangu nisome hoja hiyo, sinunui bisi na sioni haya.

Kuhusu kumbukumbu, nadhani gharama yenyewe ndiyo gundi. Ukishatoa fedha unatazama kwa bidii, kwa sababu kutotazama ni kula hasara mara mbili.

#7 Mgeni wa Sinema
Naunga mkono Fundi kuhusu mwili kutambua. Tangu siku ya kwanza kabisa, tarehe 28 Desemba 1895 mjini Paris, ndugu wawili Lumière walipoonyesha filamu ya treni inayoingia stesheni, watazamaji waliruka kutoka vitini na kukimbia. Nyumbani hakuna aliyewahi kuikimbia televisheni.

#8 Kabati la Kale
Ndugu Mgeni, tarehe uliyoitaja ni sahihi na mahali ni sahihi, kwenye chumba cha chini cha Grand Café, kwa kiingilio cha faranga 1. Mengine yametiwa chumvi. Usiku ule zilionyeshwa filamu fupi 10, kila moja haifiki dakika moja, na ile ya treni haikuwamo. Ilianza kuonyeshwa hadharani mwaka 1896. Ama kukimbia kwa watu, mwanahistoria wa Ujerumani Martin Loiperdinger aliufuatilia mkasa huo na hakupata taarifa ya wakati ule inayouthibitisha. Walioingia usiku wa kwanza wanatajwa kuwa 33 tu, idadi ambayo hata ikikimbia haisababishi msongamano mlangoni.

Jambo linalonivutia ni kwamba wakati ule tayari Edison alikuwa na kisanduku chake cha kuchungulia, ambacho mtu mmoja aliinamia na kutazama peke yake. Kilikuwa kimetangulia, lakini watu wakakiacha wakaufuata ukumbi. Sasa kisanduku kimerudi, kipo mfukoni.

#9 Mgeni wa Sinema
Nimesahihishwa, ahsante. Mkasa wa treni nitaendelea kuusimulia harusini tu.

#10 Sikio Moja
Nimesoma yote na naona kila mmoja anazungumza kama mtu ambaye ukumbi ulijengwa kwa ajili yake. Mimi sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia linasikia nusu. Spika za nyuma ya kitambaa anazozisifu Fundi, kwangu ni ukuta wa ngurumo ambao ndani yake maneno yamezama. Mlipuko ninausikia kwa kifua. Nong'ono inayoeleza ni nani muuaji ninaikosa. Nyumbani nawasha maandishi ya chini na filamu inakuwa yangu. Maonyesho yenye maandishi yapo, lakini katika ukumbi ninaoufikia hupangwa siku za kazi mchana, kana kwamba asiyesikia pia hana ajira.

Filamu za nyumbani ndizo ninazozikumbuka, Kiti. Za ukumbini ninakumbuka juhudi yangu ya kusikia, na kichwa kilivyoniuma nikirudi. Kwa hiyo tunaposema "ukumbi hugandisha", tuulize humgandishia nani.

#11 Fundi wa Kibandani
Sikio Moja, umenikumbusha aibu ya kazi yetu. Kumbi nyingi zimewekewa waya unaopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha masikioni, na mara nyingi umezimwa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Nilikaa mahali pamoja miaka 4 kabla ya kugundua kwamba swichi yake ilikuwa nyuma ya kabati la mifagio. Ukienda tena, uliza dirishani kabla ya kulipa.

#12 Pumzi
Nitaongeza maelezo ambayo hayajagusiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Kemia mjini Mainz, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kupima hewa iliyokuwa ikitolewa na mitambo ya kupitisha hewa ya jumba la sinema wakati filamu zikiendelea. Waliona kwamba hewa ukaa na kemikali iitwayo isoprini, ambayo hutoka kwenye pumzi misuli inapokazwa au moyo unapokwenda mbio, zilipanda katika matukio yaleyale ya filamu ileile, onyesho hili na onyesho lile. Yaani ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja na mtambo wa hewa ukaandika. Mimi nasema tunalipia hilo: kuogopa pamoja na watu tusiowajua.

#13 Mpimaji
Pumzi, utafiti ni mzuri ila haujasema unachotaka useme. Watu 200 wakishtuka kwa wakati mmoja, huenda ni kwa sababu tukio la kushtua ni moja, si kwa sababu wameambukizana. Wape televisheni 200 katika vyumba 200, uanze filamu kwa dakika moja, na inawezekana ukapata mlima uleule wa isoprini. Mpaka apatikane wa kuvipima vyumba hivyo 200, woga wa pamoja ni dhana tu.

#14 Pumzi
Na kicheko? Vichekesho nikivitazama peke yangu natabasamu. Ukumbini nacheka hadi machozi kwa mzaha uleule. Hilo nalo utaliita hamu?

#15 Mpimaji
Kicheko nakuachia.

#16 Kadi ya Mwezi
Niijibu nadharia ya Hesabu Kwanza, ya kwamba gharama ndiyo gundi, kwa sababu mimi ni jaribio linalotembea. Nina kadi ambayo nikishalipa ada ya mwezi naingia kila nitakapo. Mwezi uliopita nimeona filamu 9, na onyesho la ziada linanigharimu nauli tu. Ninazozikumbuka vizuri ni 3. Moja nilitoka katikati bila uchungu wowote, jambo ambalo zamani nisingelifanya hata kama jengo linavuja. Kwa hiyo huenda ana haki: fedha ilipotoka, umakini nao ukatoka.

Mpango wa namna hii una hatari kwa anayeuuza pia. Marekani, kampuni ya MoviePass ilishusha ada mwezi Agosti 2017 hadi dola 9.95 kwa mwezi, filamu moja kila siku, huku yenyewe ikizilipa kumbi bei kamili ya tiketi. Waliojiunga walizidi milioni 3, na ndio waliokuwa maafa yake. Septemba 2019 ikafunga huduma.

#17 Mama wa Watatu
Kadi, filamu 9 kwa mwezi ni kazi ya pili. Hata wali ukiula mara 9 kwa siku huwezi kukumbuka sahani ya nne. Gharama haina kosa hapo, umejivimbisha.

#18 Kabati la Kale
Tunasahau kwamba kwa vipindi virefu watu walilipia vitu ambavyo havikuwa filamu. Mwaka 1925 jumba la Rivoli mjini New York liliwekewa mtambo wa kupooza hewa wa Willis Carrier, na kuanzia miaka hiyo wengi waliingia sinema majira ya joto kwa ajili ya ubaridi, chochote kilichokuwa kwenye skrini. Bisi nazo zilishika mizizi Marekani katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, zilipokuwa anasa ya mwisho ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Huenda hata sasa tunalipia ubaridi wa namna nyingine na kuusingizia filamu.

#19 Safu ya Kwanza
Jambo moja dogo la gharama. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya matangazo. Kwa muda wa mwezi mzima nimepima kwa saa yangu: kati ya dakika 18 na 27 za biashara na vionjo vya filamu zijazo kabla filamu yenyewe haijaanza. Fedha nilishatoa, na bado nauzwa. Siku hizi nachelewa kwa makusudi dakika 15, nakuta kila mtu mwingine naye amefikiria hivyohivyo, tunakanyagana gizani.

#20 Hesabu Kwanza
Hapo pia pana sababu. Zamani filamu ilikaa ukumbini takriban siku 90 kabla ya kupatikana nyumbani. Mwaka 2020, kumbi zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya janga, Universal, kampuni ya filamu ya Marekani, na AMC, kampuni ya kumbi za sinema, zilikubaliana kuwa siku 17 zinaweza kutosha, na tangu hapo pengo hilo halijarudi lilivyokuwa. Muda wa kuuza tiketi ukifupishwa, mwenye ukumbi hutafuta fedha ubavuni mwa filamu: bisi, matangazo, viti vinavyolala.

#21 Sikio Moja
Viti vinavyolala ndivyo vilivyommaliza shemeji yangu. Alilipia ziada, akalala kuanzia kionjo cha pili. Anasema ulikuwa usingizi bora wa mwaka ule.

Halafu, Fundi: niliuliza dirishani. Yule kijana hakujua, akamwita mwenzake, naye akamwita msimamizi. Kifaa kilipatikana ndani ya droo, betri imekufa. Wameahidi wiki ijayo.

#22 Kiti cha Pembeni
Wadau, nilitoweka kwa sababu nilikuwa natekeleza agizo la Mpimaji. Wiki tatu zilizopita niliingia ukumbini kutazama filamu iliyochaguliwa na mtoto wa dada yangu, ya aina ambayo siipendi, na sikusoma chochote kuihusu. Sikununua bisi, ili nisimharibie Hesabu Kwanza nadharia.

Leo hadithi yake imenitoka. Najua kulikuwa na nyumba iliyogombaniwa na ndugu wawili, na mmoja alikuwa na kovu. Jina lake sina. Lakini kuna vitu viwili vimebaki wazi kabisa. Cha kwanza ni mzee aliyekaa viti viwili kutoka kwangu, ambaye alicheka peke yake kwenye mazishi, halafu akatuomba radhi kwa mkono bila kugeuka. Cha pili ni mvua. Picha ilikuwa bado nyeusi, na mvua ikaanza kusikika juu yetu; niliinua macho, na mtoto naye akainua, kabla hatujaonyeshwa tone lolote.

#23 Mpimaji
Yaani hadithi imepotea, kama nilivyosema. Kilichobaki ni mzee na hali ya hewa.

#24 Pumzi
Mzee ni mtu, Mpimaji. Nyumbani asingekuwapo.

#25 Kiti cha Pembeni
Mpimaji, katika zile 20 za nyumbani sina hata hali ya hewa.

#26 Fundi wa Kibandani
Kiti, nisaidie kitu kimoja. Mvua hiyo ilisikika juu kote, au upande mmoja?

#27 Kiti cha Pembeni
Zaidi kulia. Hata shingo niligeuzia kulia.

#28 Fundi wa Kibandani
Basi spika za dari za kushoto zilikuwa zimekufa. Uliiona nusu ya mvua.